Lenzi Mbili Mgongo kwa Mgongo

Tangu nistaafu, Kevo wa karakana amekuwa akinipigia simu kuuliza mambo ambayo nilidhani kila mtu anayajua: chumvi ya kulainishia fremu za miwani huwekwa moto kiasi gani, kwa nini lenzi fulani hupasuka pembeni ikibanwa, jiwe la kusagia hunyooshwa vipi. Siku moja Faith wa kaunta akamnyang'anya simu. "Mzee Mukhwana," akasema, "si uandike tu yote mahali pamoja ndiyo tuache kukusumbua?" Basi nimekaa hapa sebuleni kwangu, mtaa wa Jamhuri, nimeandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Hazijawahi kumsaidia mtu kuona.

Jambo moja mlijue mapema. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nyinyi mliokuwa mkinicheka nikirudi kutoka kwenye ngazi kwenda kupima tena lenzi niliyokwisha kuipima, mlikuwa na haki ya kucheka. Lakini fundi miwani akikosea, hakuna kinacholipuka pale pale. Mteja anakushukuru, anakupa mkono, kisha anakwenda kuvuka barabara huku akiuona ukingo wa lami mahali ambapo haupo. Wewe umebaki ndani unafuta meza. Habari zitakufikia baadaye, au hazitakufikia kabisa, na sijui lipi ni baya zaidi.

Nilianza kazi nikiwa kijana niliyetoka Kakamega na cheti cha shule na koti la kaka yangu. Karakana ilikuwa palepale ilipo, ghorofa ya pili, Barabara ya Biashara, juu ya duka la vitambaa. Aliyenipokea ni Bwana Gathecha, mtu wa Limuru, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha na koti jeupe lililokuwa jeupe zamani. Hakuniuliza jina. Alinipa lenzi isiyo na fremu, akanisukuma dirishani.

"Unaona mbao za dirisha la jengo la ng'ambo zilivyokatana?"

"Naona."

"Zitazame kupitia hiyo lenzi. Isogeze juu, isogeze chini. Ule msalaba unaenda wapi?"

Nilipoipandisha lenzi, msalaba ulishuka. Nilipoishusha, ulipanda. Nikamwambia unaukimbia mkono wangu. Akanipa lenzi nyingine. Hii ya pili msalaba uliufuata mkono kama kondoo.

"Ile ya kwanza ni ya mzee anayeshika gazeti mbali," akasema. "Hiyo ya pili ni ya mwanafunzi asiyeona ubao. Sasa kaa hapo uzigawe hizi zote. Zinazokimbia huku, zinazofuata kule. Mashine ya kupimia utaigusa macho yako yakishajua kabla ya mashine."

Nilishinda dirishani siku nzima. Mama mmoja wa ofisi ya ng'ambo aliona namtumbulia macho kwa vioo, akateremsha pazia, na kwa muda nikakosa msalaba wa kutazama. Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini: kumtisha mwanamke wa watu na kuumwa shingo.

Kilichokuwa kikitokea mkononi mwangu Bwana Gathecha alinieleza siku za baadaye, kidogo kidogo, kati ya kikohozi na kikohozi. Mwanga hupita hewani bila tabu, ukienda moja kwa moja. Ukikutana na kioo, mwendo wake unapungua. Ukiingia wima unapenya tu, lakini ukiingia mshazari unapinda pale unapoingia, na ukitoka upande wa pili unapinda tena. Fundi hafanyi lingine maisha yake yote ila kuchagua mshazari: uso wa lenzi ukifura kiasi hiki, mwanga unapinda kiasi hiki. Vitu navyo havilingani. Maji hupinda mwanga kidogo, plastiki zaidi ya maji, na hizi plastiki mpya za bei mbaya zaidi tena, ndiyo maana lenzi yake huwa nyembamba. "Kupinda kunatokea mpakani," alikuwa akisema huku akigonga uso wa lenzi kwa ukucha. "Pasipo mpaka, hakuna kitu." Sikulitilia maanani neno hilo kwa miaka mingi.

Enzi zile wateja wetu wagumu walikuwa wazee waliotolewa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho la kila mtu mna lenzi ndogo ya kuzaliwa nayo. Ikifanya ukungu, daktari anaitoa, na zamani alikuwa akiitoa basi, haweki kitu. Mzee anatoka hospitali jicho likiwa safi kama dirisha lililooshwa na asione chochote ila rangi zilizochanganyikana, maana kile kilichokuwa kikimalizia kupinda mwanga hakipo tena. Kazi hiyo tuliifanya sisi, kwa lenzi nene za plastiki zilizofura katikati kama nusu ya yai, mgongo wake bapa. Mzee akizivaa, macho yake yalionekana makubwa ajabu, na kikombe cha chai alikishika hewani, upande, kabla ya mkono kujifunza upya. Kisha madaktari wakaanza kuweka lenzi bandia ndani ya jicho lenyewe, wazee wakaacha kuja, na lenzi zile nene zilizobaki zikafungiwa kwenye droo ya chini kabisa. Bwana Gathecha alikuwa ameshakwenda kupumzika kwao. Kila mara mtu akitaka kuzitupa nilisema tusubiri kidogo. Haukuwa werevu. Mtu wa wasiwasi hatupi kitu.

Nitawaruka wateja wengi hapa. Nitamtaja tu wakili mmoja wa Westlands aliyechukua lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja, akapiga simu mchana wa siku ile ile kuwa amesimama juu ya ngazi za umeme za jengo la maduka na hawezi kushuka, kwa sababu vidato vinaelea. Nilimwambia kwa simu ainamishe kidevu, atazame kwa sehemu ya juu ya lenzi, ashike mkono wa ngazi. Nilimsikia akihema hadi chini. Yeye alizoea baada ya juma. Mimi sikuzoea, mpaka nastaafu kila nilipomkabidhi mtu lenzi za namna hiyo nilimsindikiza ngazi zetu zote hadi mlangoni, nikijifanya nakwenda kununua maziwa.

Sasa nije kwa Shantel, ambaye ndiye hasa Faith alitaka niandike habari zake.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Asubuhi moja aliingia msichana mwenye mtoto kifuani na karatasi ya daktari mkononi. Alikuwa anaitwa Lilian, mtu wa Vihiga, kijakazi katika nyumba moja huko Lavington. Mtoto, ndiye Shantel, alikuwa mchanga bado, wa kushikwa shingo. Alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na madaktari wa hospitali ya umma walikuwa wameshayasafisha. Kwa umri ule hawakumwekea lenzi ndani. Jicho lingali linakua.

Nilisoma namba zile kwenye karatasi, nikazisoma tena. Zilikuwa na nguvu karibu maradufu ya zile za wazee wangu wa zamani.

"Fundi," Lilian akasema, "daktari amesema bila hii miwani hata upasuaji ni kama haikufanyika. Ni ukweli?"

"Amesema hivyo?"

"Amesema akili yake inajifunza kuona saa hii. Ikikosa cha kuona, itaacha kujifunza. Ati hata akikuja kupata miwani akiwa mkubwa, macho itakuwa mazuri na bado haoni."

Nilimwambia ni kweli. Sikujua namna ya kulisema kwa upole, nami si hodari wa upole. Nikampima mtoto upana wa uso kwa rula. Macho yake yalikuwa yakitangatanga, hayatui popote, kama mtu anayetafuta sauti kwenye chumba cha giza. Nilipopitisha rula mbele yake hakupepesa.

Lenzi za nguvu ile hatukuwa nazo, wala hapakuwa na mtu jijini aliyekuwa nazo. Tuliagiza nje siku hiyo hiyo. Zikafika hadi uwanja wa ndege, na hapo zikakwama. Karatasi moja ilitakiwa, kisha nyingine, kisha ile ya kwanza ikarudishwa. Faith alipiga simu hadi sauti ikamkauka. Nami nilipigiwa na Daktari Mutiso, yule mama aliyemfanyia Shantel upasuaji. Ana sauti ya chini, na akiwa na hofu inashuka zaidi.

"Mzee, bado?"

"Bado, daktari."

"Wiki nyingine kama hii itatugharimu. Sitaki kukutisha."

Alikuwa ameshanitisha. Nilikuwa nikitembea kati ya meza na dirisha, dirisha na meza, mpaka Kevo akauliza kama nimepoteza kitu.

Wazo lilinijia nikiwa nimesimama pale dirishani. Nguvu za lenzi hujumlishwa. Ukiweka moja mbele ya nyingine, mwanga unapinda kwa ya kwanza, unapinda kwa ya pili, na jicho linapokea hesabu yote. Sina lenzi ya nguvu hiyo, lakini ninazo za nusu yake. Nikachagua mbili za plastiki za kawaida, zenye tumbo mbele na kishimo nyuma, nikazipachika moja ndani ya nyingine kama bakuli. Nilitaka kupaka gundi ya lenzi pembeni tu, ile inayokauka kwa taa ya zambarau. Gundi haikukubali kukaa pembeni. Ilinyonywa ndani yote, ikajaza nafasi kati ya lenzi hizo mbili, ikang'aa vizuri kabisa, haina hata povu. Nilifurahi. Nikaiweka kwenye mashine ya kupimia, na nusu ya nguvu haikuwepo.

Nikapima tena. Nikafuta mashine, nikapima tena. Kisha nikasogea dirishani nikatazama msalaba wa jengo la ng'ambo, na msalaba ukaniambia vilevile.

Ndipo nilipolikumbuka neno la Bwana Gathecha na ukucha wake. Gundi ile ina tabia sawa na plastiki. Mwanga ukitoka kwenye plastiki kuingia kwenye gundi hauoni kama umevuka mpaka, kwa hiyo haupindi. Nilikuwa na nyuso nne za kupinda mwanga, nami kwa mikono yangu nikazifuta mbili. Niliketi kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa na jozi hiyo moja tu ya kuchezea, na sasa ilikuwa imekauka ikawa kitu kimoja.

"Si uziweke bila gundi?" Kevo akauliza.

"Zitacheza. Mtoto anatikisa kichwa, moja inaanguka juu ya jicho lililotoka kushonwa."

"Basi utafute zenye hazina hicho kishimo nyuma."

Alisema hivyo akiwa anasaga kitu kingine, hata hakugeuka. Nilimtazama. Kisha nikapiga magoti mbele ya droo ya chini kabisa.

Lenzi za wazee zilikuwa mle, ndani ya bahasha zake zilizogeuka manjano. Tumbo mbele, mgongo bapa. Uso bapa haupindi mwanga unaouingia wima, kwa hiyo ukifutwa na gundi hakuna hasara. Ukizigeuza mbili mgongo kwa mgongo, ubapa kwa ubapa, unapata tumbo huku na tumbo kule, nguvu yote ipo. Nilipata nne zinazofanana zisizo na mikwaruzo. Nne ndizo nilizohitaji, mbili kwa kila jicho. Nikazigundisha mbili mbili. Kevo alizima hata redio. Nilizisaga taratibu kutoshea fremu laini ya mpira, nikatia mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa, nikapima. Nguvu ilikuwepo, pungufu kidogo tu ya iliyoandikwa.

Sikumpa Lilian moja kwa moja. Nilizipeleka kwanza kwa Daktari Mutiso. Alizigeuzageuza, akazipima uzito kiganjani, akaguna. Akamvika Shantel, akamulika macho yake kwa kurunzi yake maalumu, jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Ni nzito," akasema, "na sura yake, Mungu nisamehe. Lakini mwanga unafika nyuma ya jicho. Tutumie hizi mpaka zile zitoke."

Lilian alikuwa amemshika mtoto kifuani. Shantel alikuwa analia tangu fremu iguse pua yake. Akanyamaza. Si kunyamaza kwa kubembelezwa, bali kwa ghafla, kama mtu aliyeitwa. Macho yaliyokuwa yakitangatanga yakapunguza mbio. Yalitua kwenye kola ya mama yake, yakateleza, yakarudi. Lilian akainamisha uso.

"Ananiangalia?" akanong'ona.

"Anaangalia kola," daktari akasema. "Kesho au keshokutwa atafika juu."

Mngedhani wasiwasi wangu uliisha hapo. Ulikuwa ndio umeanza. Lilian alimwacha mtoto kila asubuhi kwa mama mmoja wa Kawangware anayelea watoto wa watu, kisha anapanda kwenda kazini Lavington. Yule mama hakuipenda miwani. Aliona inavuta macho ya mtoto nje. Akawa anaivua Lilian akishatoka, anaivisha jioni akisikia hatua zake. Lilian aligundua kwa sababu pua ya mtoto haikuwa na alama yoyote ya fremu. Kwa uzito ule, pua ilipaswa kuwa na alama.

Siku chache baadaye akanipigia. "Fundi, kwa kioo ya kushoto kuna kitu. Ni kama moshi imeingia ndani, pembeni."

Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Gundi ilikuwa inaachia, hewa inaingia. Nguvu isingebadilika sana, lakini lenzi ya nyuma ikibanduka yote ingeanguka ndani, kwenye kope.

"Mvue sasa hivi. Nakuja. Uko wapi?"

Akasita, kisha akanielekeza nyumba. "Niko kazini. Ukifika geti uambie askari umeniletea miwani. Usiseme ya mtoto."

Sikulielewa lile la mwisho, na kwa haraka niliyokuwa nayo sikuuliza. Nilichukua chupa ya gundi na kitambaa, nikapanda gari. Lavington ni kuta na maua juu ya kuta, na geti lisilo na jina. Askari, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alinisikiliza vizuri, akaingia kibandani mwake, akabonyeza kitufe cha kuitia nyumba. Hakujibu Lilian. Alijibu mwenye nyumba.

"Madam, kuna fundi hapa ameletea Lilian miwani."

"Lilian? Lilian anaona vizuri kuniliko."

Mlango mdogo ulifunguka wakatoka wote wawili, mwenye nyumba mbele, Lilian nyuma. Lilian alikuwa amembeba Shantel, maana mwenye nyumba alipokwenda kumwita chumbani alimkuta na mtoto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufukuzwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa amemtoa mtoto Kawangware, akawa anamficha katika chumba chake nyuma ya nyumba, akikimbia kumtazama kati ya vyombo na nguo. Na mimi, kwa kufika kwangu, nilikuwa nimefungua mlango huo.

"Kuna mtoto anaishi kwangu," mwenye nyumba akasema polepole, "na ni mimi tu sijui. Hata askari alijua?"

Askari aliangalia viatu vyake.

"Madam, ningekuambia—" Lilian alianza.

"Lini?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini miwani ilikuwa mkononi mwa Lilian na moshi ule niliuona kutoka nilipokuwa. Nikasema, "Mama, utanisamehe. Hii kazi haiwezi kungoja. Nikimaliza, mtaendelea." Sijawahi kumkatiza mteja maishani, wala mwenye geti.

Nilitia tone la gundi kwenye ufa, nikalisukuma liingie, nikabana. Taa ya zambarau ilikuwa imebaki mjini. Lakini jua lina mwanga ule ule ndani yake, na jua la saa sita lilikuwa kali juu ya kile kiukuta cha maua. Nikaiweka miwani pale, nikaishikilia kwa vidole viwili, nikangoja. Tulisimama watu wanne na mtoto, tunatazama miwani ikiota jua. Mtoto alikuwa ameanza kulia, na macho yake yalikuwa yamerudi kule kutangatanga.

"Yeye ana shida gani?" mwenye nyumba akauliza mwishowe. Aliniuliza mimi, si Lilian.

Nilimweleza. Lenzi za macho yake zimetolewa, hizi ndizo lenzi zake. Akikaa bila hizi mchana, ni mchana wa kujifunza uliopotea, na michana yenyewe si mingi.

Moshi ulikwisha. Nikaikagua dhidi ya nguzo ya geti, nikaifuta, nikampa Lilian. Akamvika mwanawe. Kilio kikakatika. Mwenye nyumba alikuwa amevaa hereni ndefu za shanga, na jua lilikuwa juu yake. Shantel alizitazama. Kichwa cha mwanamke kiliposogea, macho ya mtoto yalisogea.

Mwenye nyumba hakulia wala hakumkumbatia mtu. Alisema, "Nipe muda nifikirie. Sipendi kudanganywa." Akarudi ndani.

Niliteremka mjini nikiwa na uhakika kuwa nimemponza. Siku zilizofuata nilipima kila lenzi mara nyingi kuliko ilivyostahili. Lilian hakupiga simu, na mimi sikuthubutu. Alipopiga hatimaye, nilitoka nje ya karakana, nikasimama kwenye ngazi ndipo nikapokea.

"Amesema tukae," akasema. "Mtoto akae kwa jikoni mahali anaweza kumwona. Na nisiwahi kumficha kitu tena. Amesema hiyo mara mingi sana, fundi. Bado anasema."

Lenzi zenyewe zilitoka uwanja wa ndege muda mfupi baada ya hapo, nyepesi, safi, kitu cha kiwandani. Shantel alizichukia. Zilipinda mwanga kwa namna tofauti kidogo, na ulimwengu aliokuwa ameuzoea ukabadilika ukubwa. Alilia siku mbili, akazikubali. Zile za mgongo kwa mgongo Daktari Mutiso aliziomba akaziweke kwenye kabati lake. Nilimwambia asije akamvisha mtu. Akasema si mjinga.

Jicho la kulia lilikuja vizuri. La kushoto lilibaki nyuma. Ikabidi la kulia lizibwe kila siku kwa muda ili la kushoto lilazimike kufanya kazi, na katika muda huo, Lilian aliniambia, mtoto hukaa tu sakafuni bila kucheza. Nilimwuliza daktari kama lilikuwa limechelewa. Akasema hajui. Mtoto wa umri huo hasomi herufi, hataji picha, hujui anaona kiasi gani mpaka akuonyeshe mwenyewe. Nilistaafu nikiwa na jibu hilo. Mlinikatia keki, Faith akatoa hotuba, na mimi nilikuwa nafikiria jicho la kushoto.

Kwa hiyo mjue nilikuwa katika hali gani mwezi uliopita, Lilian aliponipigia simu asubuhi huku anahema. Nilikuwa namwaga maji ya chai. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake.

"Fundi! Shantel amekula kitu! Ameokota hapa chini kwa jikoni, ameweka kwa mdomo, sasa nafanya nini?"

"Kitu gani? Kioo? Dawa?"

"Hapana, nimemtoa. Ni sisimizi. Hawa wadogo wa sukari. Itamdhuru?"

"Sisimizi mmoja hamdhuru mtu." Nikaweka birika chini. "Lilian. Aliokota vipi? Alipapasa?"

"Hapana, nilikuwa naosha vyombo namwona. Alikuwa amekaa, huyo mdudu anatembea kwa tiles, yeye anamfuata tu na macho, anamfuata, halafu akaweka kidole."

"Amevaa miwani?"

"Amevaa. Na jicho ya kulia nimeziba, ni saa yake ya—"

Maji ya bomba yalikuwa yakimiminika mahali fulani jikoni kwake. Mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Fundi," akasema, kwa sauti ndogo sana, "ameona sisimizi."